Kuvikwa Sukari na Kugandwa na Sukari: Utambuzi wa Protini Zenye Sukari na Suala la Istilahi

1. Utangulizi

Makala haya yana shabaha mbili. Shabaha ya kwanza ni kueleza kwa Kiswahili namna wataalamu wa baiokemia wanavyozitambua protini zilizobeba sukari: kwanza kwa kuzitenganisha, kisha kwa kuzifanya zing'ae. Shabaha ya pili ni kuonyesha kwamba istilahi iliyo nyepesi kutamkwa, yaani "protini yenye sukari", inafunika mambo mawili yaliyo mbali mbali kabisa, na kwamba tofauti baina ya mambo hayo inaweza kusemwa kwa sarufi ya Kiswahili yenyewe, kwa kauli ya kutendwa na kwa kijineno kimoja kidogo, "na".

Huenda msomaji akauliza mambo ya maabara yanalihusu nini jarida la lugha. Jibu ni kwamba kazi ya kuunda istilahi za sayansi mara nyingi imefanywa mezani, kamusi ya Kiingereza ikiwa upande mmoja na karatasi tupu upande wa pili. Mwundaji hulitazama neno la kigeni, akalipasua vipande, akatafuta vipande vinavyolingana navyo katika Kiswahili, akaviunga. Njia hiyo imetupa maneno mengi mazuri. Hata hivyo, ina hatari moja: ikiwa neno la kigeni lenyewe lilikuwa na kasoro, tunairithi kasoro hiyo pamoja na neno. Rai ya makala haya ni kwamba hatuna budi kukitazama kitu kikitenda kazi kabla ya kukipa jina. Kwa hiyo tutaingia maabarani kwanza, na suala la majina tutalirudia baadaye.

2. Kitu chenyewe

Protini ni minyororo mirefu ya asidi za amino iliyojikunja na kupata umbo maalumu. Nyama, maharagwe na ute wa yai vina protini kwa wingi, lakini zilizo muhimu kwa mjadala huu ni zile zinazofanya kazi ndani ya miili yetu: himoglobini ibebayo oksijeni katika damu, kingamwili zinazopambana na maradhi, na vimeng'enya vinavyoendesha shughuli zote za seli.

Kuhusu sukari, yafaa msomaji asifikirie sukari ya chai peke yake. Neno hili limesafiri sana. Tulilipokea kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kwa njia ya Kiajemi kutoka Kisanskriti, ambako lilimaanisha changarawe. Katika kemia, sukari ni jina la ukoo mzima. Ndani ya ukoo huo wamo glukosi, galaktosi, manosi, fukosi na wengineo, na utamu si sifa inayowaunganisha. Kinachowaunganisha ni muundo wao wa kaboni, haidrojeni na oksijeni.

Protini nyingi za wanadamu na wanyama, hasa zile zinazokaa juu ya ngozi ya seli au zinazotolewa nje ya seli, hupachikwa minyororo ya sukari mara zinapoundwa au muda mfupi baadaye. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya ndani ya seli. Kila kimeng'enya kina sukari yake na mahali pake pa kuiweka, na mpangilio huo haufanywi kwa kubahatisha. Protini isiyopata sukari zake sawasawa huenda ikakosa umbo, ikaharibiwa upesi, au isifike pale inapotakiwa kufika.

Mifano miwili yatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Mfano wa kwanza ni makundi ya damu. Tofauti baina ya damu ya kundi A na damu ya kundi B ni sukari moja tu iliyo kwenye ncha ya mnyororo, juu ya protini na mafuta ya chembe nyekundu: katika kundi A ni N-asetili-galaktosamini, katika kundi B ni galaktosi, na katika kundi O ncha hiyo haina hata moja kati ya hizo mbili. Mgonjwa anayetiwa damu isiyomfaa aweza kufa kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo.

Mfano wa pili unatugusa sisi wa Afrika ya Mashariki kwa njia ya pekee. Kimelea cha malale na cha nagana ya mifugo, kinachoenezwa na mbung'o, huishi wazi wazi katika damu ya mwenyeji wake. Hakijifichi ndani ya seli. Kinga yake ni koti la protini zenye sukari, molekuli zipatazo milioni 10, zilizosongamana juu ya mwili wake wote. Mwaka 1975 mtaalamu George Cross alieleza jinsi alivyozitenga na kuzitakasa protini za koti hilo. Mwili wa mgonjwa unapojifunza kulitambua koti moja, baadhi ya vimelea huwa vimekwisha kuvaa jingine, na vita huanza upya. Hii ndiyo sababu moja kubwa ya kutopatikana kwa chanjo ya ugonjwa huo. Hapa Nairobi suala la vimelea hivi lilikuwa miongoni mwa kazi kuu za Maabara ya Kimataifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Wanyama (ILRAD), iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuunganishwa mwaka 1994 katika taasisi ya ILRI.

Msomaji atakuwa ameona kwamba tumesema "koti" na "kuvaa". Hatukufanya hivyo kwa kutafuta urembo wa maneno. Wataalamu wenyewe, katika lugha zao, hutumia neno la vazi, na baadaye tutaona kwamba sitiari hiyo ina faida ya kisarufi.

3. Hatua ya kwanza: kutenganisha

Tone moja la damu lina protini za aina nyingi mno zilizochanganyika. Mtu hawezi kuuliza ni ipi yenye sukari kabla ya kuzitenga moja moja. Njia iliyoenea zaidi inaitwa elektroforesi. Msingi wake ni rahisi: protini zikitiwa katika umajimaji wenye nguvu ya umeme, zile zenye chaji hasi huvutwa kuelekea ncha chanya, na zenye chaji chanya huvutwa kuelekea ncha hasi. Msweden Arne Tiselius alitangaza chombo chake cha kazi hii mwaka 1937, na mwaka 1948 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Siku hizi kazi hii hufanywa katika jeli, kitu chororo chenye kutikisika mfano wa faluda. Protini huchemshwa kwanza pamoja na aina ya sabuni iitwayo sodiamu dodesili salfeti. Sabuni hii huikunjua protini, huishika mwili mzima na kuipa chaji hasi kwa kadiri ya urefu wake. Kwa hiyo protini zote huvutwa upande mmoja, na kinachozitofautisha ni ukubwa. Utaratibu huu ulipata umbo linalotumika hadi leo katika makala ya Ulrich Laemmli ya mwaka 1970.

Ndani ya jeli mna matundu madogo madogo yaliyosukwa kama mizizi ya mikoko. Tufikirie kundi la watu wanaopita katika msitu wa mikoko wakati wa maji kupwa. Mtoto hupenya kwa wepesi na kutangulia. Mtu mzima hukwama hapa na pale. Mwenye mzigo kichwani huwa wa mwisho. Baada ya saa moja au mbili umeme hukatwa, na kila protini husimama pale ilipofika, zilizo ndogo zikiwa chini na kubwa zikiwa juu. Protini za ukubwa mmoja hukaa pamoja na kufanya utepe mwembamba.

Sasa, protini iliyobeba sukari ni kama yule mwenye mzigo, tena ana matatizo mawili. Kwanza, minyororo ya sukari humzidishia ukubwa. Pili, sabuni tuliyoitaja haishiki sukari, na kwa hiyo protini hiyo hupata chaji kidogo kuliko inavyostahili kwa uzito wake. Matokeo ni kwamba hutembea polepole na huonekana kuwa nzito kuliko ilivyo. Zaidi ya hayo, nakala zake hazifanani zote, kwa kuwa nyingine zina sukari nyingi na nyingine chache. Hivyo utepe wake huwa mpana wenye kingo zisizo dhahiri. Mtaalamu mzoefu akiona utepe wa namna hiyo hushuku kwamba pana sukari. Lakini kushuku si kuthibitisha.

4. Hatua ya pili: kung'arisha

Protini ndani ya jeli hazionekani kwa macho. Yapasa zitiwe rangi, tena rangi inayochagua, yenye kushika sukari na kuiacha protini tupu. Kemia ya jambo hili ni ya zamani. Mwaka 1866 Hugo Schiff alieleza kwamba dawa fulani ya rangi iliyopaushwa hurudi kuwa nyekundu ya zambarau inapokutana na kundi la kemikali liitwalo aldehidi. Mwaka 1928 Mfaransa Malaprade alionyesha kwamba asidi ya periodi hukata kifungo baina ya kaboni mbili jirani ikiwa kila moja ina kundi la haidroksili. Na panapokatwa hubaki aldehidi. Sukari nyingi zina kaboni jirani za namna hiyo, na mnyororo wa protini kwa kawaida hauna. Mwaka 1946 McManus aliziunganisha hatua hizo mbili ili kuonyesha ute katika vipande vya nyama ya mwili chini ya hadubini, na baadaye njia hiyo ikahamishiwa kwenye jeli.

Ndiyo kusema kwamba rangi haiishiki sukari nzima. Huushika mkato. Asidi ya periodi huipasua sukari, nayo rangi huingia kwenye jeraha. Kama sukari haikukatika, rangi haina pa kushika.

Njia ya Schiff ilikuwa na upungufu mmoja: ilihitaji protini nyingi kiasi ndipo rangi ionekane. Tangu mwanzo wa karne hii ya 21 maabara nyingi zimetumia badala yake rangi zinazong'aa. Jeli hugandishwa kwa alkoholi na asidi ya siki ili protini zisisambae, huoshwa, hutiwa asidi ya periodi, huoshwa tena, kisha hutiwa rangi yenye mkono wa kemikali uitwao haidrazidi ambao hushikana na aldehidi. Mwishowe jeli hutazamwa gizani juu ya taa ya miali ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Tepe zenye sukari huwaka kijani, na nanogramu chache tu za protini, yaani sehemu chache za bilioni za gramu, zaweza kuonekana.

Hapa yafaa tusimame kidogo juu ya mng'ao huu, kwa sababu Kiswahili hakina budi kuutofautisha na ming'ao mingine. Kimulimuli hutoa nuru iliyotokana na kemia ya mwili wake. Aina fulani ya saa yenye tarakimu zinazong'aa gizani huhifadhi nuru ya mchana na kuitoa kidogo kidogo. Rangi tunayoizungumzia haifanyi mojawapo ya mambo hayo. Inapopigwa na nuru ya aina moja hujibu papo hapo kwa nuru ya aina nyingine, na nuru ikizimwa nayo hunyamaza. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes, aliyeuchunguza mng'ao huu huko Cambridge, aliupa jina lililotokana na jiwe la floriti, moja ya vitu alivyoviona vikifanya hivyo. Aligundua pia kwamba nuru inayojibiwa kwa kawaida huwa na nguvu ndogo kuliko nuru iliyouliza.

Mwandishi wa makala haya anapendekeza uitwe "mng'ao wa kuitikia". Kila aliyehudhuria ngoma au maulidi anajua kuitikia ni nini. Kiongozi hutoa sauti, nao waitikiaji hujibu mara moja. Akinyamaza, hawana la kuitikia. Na katika mng'ao huu waitikiaji hujibu kwa sauti ya chini zaidi. Jina la Stokes linatuambia habari za jiwe. Jina la kuitikia linatuambia habari za tendo.

Iko njia nyingine ya kung'arisha, nayo ni kutumia lektini, yaani protini zinazoshika sukari fulani na kuziacha nyingine. Mwaka 1888 Peter Hermann Stillmark, katika chuo cha mji wa Dorpat ambao leo ni Tartu, nchini Estonia, aliona kwamba maji ya mbegu za mbarika, mmea unaoota ovyo kando ya njia zetu, huzifanya chembe nyekundu za damu zishikamane mafungu mafungu. Jina "lektini" lilitolewa mwaka 1954 na William Boyd kutokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchagua. Hilo ni jina lililoundwa kwa kutazama kazi ya kitu. Lektini ikifungwa rangi ya kuitikia hutuambia jambo ambalo periodati haiwezi kutuambia: si kwamba pana sukari tu, bali ni sukari ipi. Lektini ya aina moja ya maharagwe, iitwayo konkanavalini A, hupendelea manosi. Nyingine hutafuta galaktosi au fukosi.

5. Ushahidi na udanganyifu wake

Utepe unaong'aa si hukumu. Ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Mahojiano yaliyo ya lazima ni manne.

Kwanza, katika jeli hiyo hiyo huwekwa protini mbili zinazojulikana: moja yenye sukari nyingi, kwa mfano glikoprotini asidi ya alfa-1 ya damu, ambayo zaidi ya thuluthi ya uzito wake ni sukari, na nyingine isiyopachikwa sukari, kwa mfano albumini. Ikiwa ya kwanza haikung'aa, dawa zimeharibika. Ikiwa ya pili imeng'aa, kuosha hakukutosha.

Pili, jeli pacha hupitishwa katika hatua zote isipokuwa ile ya asidi ya periodi. Chochote kitakachong'aa humo hakikung'aa kwa ajili ya sukari iliyokatwa.

Tatu, baada ya picha ya kwanza jeli hutiwa rangi ya pili, inayong'aa nyekundu na kushika protini zote bila ubaguzi. Picha mbili hulinganishwa. Utepe mwekundu mnene wenye kijani hafifu na utepe mwekundu hafifu wenye kijani kikali havina maana moja.

Nne, protini hutiwa kimeng'enya kinachokata minyororo ya sukari kutoka kwenye shina, kisha hupitishwa tena katika jeli. Ikiwa ilikuwa na sukari za aina hiyo, sasa itashuka chini zaidi, kama mtu aliyetua mzigo, na mng'ao wake utapungua au kutoweka.

Hata baada ya hayo yote, giza si uthibitisho wa kutokuwepo. Ziko protini zinazobeba sukari moja moja tu, na hizo aghalabu huikwepa njia hii. Mwandishi wa matokeo hana budi kusema "haikuonekana" badala ya "haipo". Huu nao ni mfano wa jinsi ukweli wa sayansi unavyotegemea uteuzi wa kitenzi.

6. Sukari isiyoalikwa

Tumeitaja albumini kuwa ni protini isiyopachikwa sukari. Ini huitengeneza na kuiachia ikiwa tupu, jambo lisilo la kawaida miongoni mwa protini kubwa za damu. Hata hivyo, albumini ya mgonjwa wa kisukari ikichunguzwa kwa njia zinazofaa huonekana kuwa na glukosi nyingi kuliko ya mtu mzima wa afya. Imeipata wapi?

Jibu ni kwamba haikupewa na kimeng'enya chochote. Glukosi inayoelea katika damu inapogongana na protini huweza kuishika yenyewe. Mwanzoni mshikamano huwa dhaifu na waweza kuachana. Muungano wa aina hiyo unaitwa kwa jina la Schiff yule yule wa mwaka 1866. Kisha hujipanga upya na kuwa imara, na tangu hapo hauachani kwa urahisi. Kadiri glukosi inavyozidi katika damu, na kadiri muda unavyopita, ndivyo protini nyingi zaidi zinavyopatwa.

Mfano mashuhuri ni himoglobini iitwayo A1c. Mwaka 1968 Samuel Rahbar, akifanya kazi Tehran, alitangaza kwamba wagonjwa wa kisukari wana himoglobini ya namna isiyo ya kawaida. Ikatambuliwa kuwa ni himoglobini ambayo glukosi imeishika kwenye ncha ya mnyororo. Hapa pia utambuzi ni wa kutenganisha, ila hauhitaji rangi, kwa kuwa himoglobini ni nyekundu kwa asili. Damu iliyopasuliwa chembe hupitishwa katika bomba lenye punje za chaji hasi. Himoglobini ya kawaida hushikwa na punje hizo kwa chaji zake chanya. Ile iliyoshikwa na glukosi imepungukiwa chaji chanya moja, kwa hiyo hushikwa kwa ulegevu na kutoka mapema.

Chembe nyekundu huishi kwa muda wa siku 120 hivi. Kwa sababu hiyo kipimo cha A1c ni kumbukumbu ya miezi miwili mitatu iliyopita. Mgonjwa anayeacha vitamu siku tatu kabla ya kwenda kliniki aweza kuishusha sukari ya siku ile. Kumbukumbu hii hawezi kuifuta. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikubali kiwango cha asilimia 6.5 kuwa kimojawapo cha vigezo vya kutambulia kisukari. Yafaa ikumbukwe pia kwamba penye ugonjwa wa selimundu, unaojulikana sana katika sehemu za pwani na za Ziwa Viktoria, chembe hufa mapema, na kumbukumbu hii huweza kusomeka chini kuliko ukweli.

7. Suala la majina

Sasa tunaweza kuliona tatizo wazi. Koti la kimelea cha malale na himoglobini ya mgonjwa wa kisukari zote ni "protini zenye sukari". Lakini ya kwanza ni kazi ya seli iliyopangwa, na ya pili ni ajali ya kemia. Ya kwanza ni dalili ya uhai unaojiendesha. Ya pili ni kipimo cha maradhi. Kiingereza chenyewe kilizichanganya kwa muda mrefu, na hadi miaka ya 1980 himoglobini A1c iliitwa na wengi kwa neno lile lile lililotumiwa kwa kazi ya vimeng'enya. Baadaye wataalamu walitenganisha majina kwa kufupisha neno moja silabi mbili, tofauti ambayo mwanafunzi mgeni haioni na mgonjwa haisikii.

Kiswahili kina njia bora zaidi. Tuzitazame sentensi hizi tatu, ya tatu ikiwa na alama ya nyota kwa kuwa haikubaliki:

(a) Protini imevikwa sukari na kimeng'enya.
(b) Protini imegandwa na sukari.
(c) *Protini imevikwa na sukari.

Katika (a), kitenzi "vikwa" ni kauli ya kutendwa ya "vika", ambacho huchukua yambwa mbili: kimeng'enya kimeivika protini sukari. Protini inapokuwa kiima, sukari hubaki nyuma ya kitenzi kama yambwa, na mtenda hutanguliwa na "na". Hata mtenda akiachwa, tunajua yuko, kwani hakuna kuvikwa pasipo mvikaji. Bibi arusi aliyevikwa hakujivika. Katika (b), sukari yenyewe ndiyo mtenda. Umbo la kutenda ni "sukari imeiganda protini", kama vile kupe anavyomganda ng'ombe. Katika (c) kosa si la sarufi bali la baiokemia: "na" imeipa sukari kazi ya kimeng'enya.

Kwa maneno mengine, kuwepo au kutokuwepo kwa "na" mbele ya neno "sukari" kunabeba tofauti ile ile iliyowachukua wataalamu miaka mingi kuitia katika istilahi zao. Tena vitenzi hivi vina wenzi wao. Kilichovikwa huvuliwa, na tuliona kimeng'enya kinachokata sukari kikifanya hivyo hasa. Kilichogandwa hubanduliwa, au hakibanduki; na A1c haibanduki hadi chembe ife.

Pingamizi mbili zaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba "ganda" pia ni neno la damu iliyoganda, na mgonjwa aweza kuogopa kwamba damu yake inakuwa mabonge. Pingamizi hili ni la haki. Lakini damu inapokuwa mabonge tunasema "imeganda", kwa kitenzi kisicho na yambwa, hatusemi "imegandwa". Hata hivyo, kwa usalama yapasa kirai kizima kitumike siku zote, "himoglobini iliyogandwa na sukari", na kisifupishwe kamwe. Ya pili ni kwamba majina ya kimataifa yanatosha. Mwandishi hana ugomvi na "glikoprotini". Ni jina la jumla linalofaa katika vitabu vya wataalamu. Ila halielezi kitu kwa asiyelijua tayari. Na majina ya kimataifa si ya busara yote. "A1c" si kitu zaidi ya nafasi katika foleni: ni sehemu iliyopewa herufi kwa mpangilio wa kutoka katika bomba. "Kromatografia", jina la jumla la utenganishaji wa namna hiyo, lina maana ya maandishi ya rangi, kwa kuwa Mrusi Mikhail Tswett, mwanzoni mwa karne ya 20, alianza na rangi za majani. Leo vitu vingi vinavyopitishwa humo havina rangi yoyote.

8. Tamati

Tumeona kwamba protini hutenganishwa kwa kuvutwa na umeme katika jeli, kwamba sukari hutambuliwa kwa kukatwa na kutiwa rangi ya kuitikia au kwa kuteuliwa na lektini, na kwamba ushahidi huo una mipaka yake. Tumeona pia kwamba maabara yenyewe hutofautisha sukari iliyowekwa na sukari iliyojishikiza. Kamati za istilahi zingefanya vyema kumwalika mtu wa maabara kabla ya kuamua, wala si baada ya kuamua, zikamwuliza maswali ambayo mwanasarufi huyauliza kila siku: nani ametenda, nani ametendwa, na kwa nini.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya mwaka 2010, na ndicho ambacho wauguzi wengi hukitumia kumweleza mgonjwa majibu yake. Mgonjwa anayeambiwa tu kwamba "A1c iko juu" huondoka na herufi mbili na tarakimu moja. Anayeambiwa kwamba himoglobini yake imegandwa na sukari kwa miezi mitatu, na kwamba haitabanduka ila kwa chembe mpya kuzaliwa katika damu yenye sukari ya kiasi, ameelewa ugonjwa, kipimo, na wajibu wake.